Tulivyomtorosha Zuwena, Tukampeleka kwa Ukoo Wake

Mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, wengine jikoni, wengine hata msibani, ambako si mahali pa kuuliza, na kila mmoja nimempa kipande. Sasa nasikia vipande vile vimeungwa na watu ambao hawakuwepo, na katika hadithi yao mimi nilipanda ngamia. Sikupanda ngamia. Basi nawaandikia yote mara moja, na atakayeniuliza tena nitamwambia akasome.

Mambo ya vibali na mihuri nayaruka. Mliokwisha kusimama mbele ya karani mnayajua, na ambao hamjasimama, Mungu akuepusheni.

DUBAI, KABLA YA KUONDOKA

Zuwena ni binti wa Bi Nunuu, shoga yangu tangu Unguja. Kule tulikuwa mtaa mmoja, hapa Deira tunapanga mstari kwenye bomba moja la maji. Mume wa Bi Nunuu, Bwana Khalfan, alikuwa karani wa forodhani mwenye koti na kalamu ya wino. Sasa analinda bohari la mchele la mtu mwingine, na koti bado analivaa. Hilal ni kijana aliyemposa Zuwena mara tatu. Mara zote tatu Bwana Khalfan alijibu kwamba nasaba hazilingani, babu yake Hilal hakuwa wa daraja yao.

Nasaba! Mwaka wa sitini na nne tulitoka Unguja na nguo za mwilini, wengine hata viatu tuliviacha mlangoni, lakini nasaba tulizibeba zote. Hakuna aliyesahau yake. Watu tunaokaa sita chumba kimoja, tunaokopeshana sufuria, mmoja anamwambia mwenzake kwamba babu yako hakuwa sawa na babu yangu. Na babu wote wawili wako kaburini, wametulia.

Mimi ni mjane wa mpiga picha. Marehemu alinifundisha kamera kwa sababu moja tu: mwanamume haingii chumbani kwa bibi harusi, na biashara yote iko humo chumbani. Ndiyo maana Bi Nunuu alikuja kwangu asubuhi moja, akafunga mlango, akakaa kitandani bila ya kuvua buibui.

"Moza, huyu mtoto ataondoka. Kwa ndoa au bila ya ndoa, ataondoka, mie namjua. Bora aondoke kwa ndoa."

"Na babake?"

"Babake ntakaa naye mie. Wewe nenda na mtoto. Nnataka kitu kimoja tu, shoga yangu. Nipigie picha siku ya harusi yake. Mie sitokuwepo, basi angalau nimwone."

Nikamwambia nimezeeka kwa mambo hayo. Akalia. Nikakubali.

Babake tulimwambia kwamba nimeitwa Maskati kupiga picha za harusi na nahitaji msichana wa kunishikia taa. Si uongo. Harusi ilikuwepo.

Mpango wenyewe ulikuwa wa Hilal, na ndio ulionifanya nimdharau tangu siku ya kwanza. Alikuwa na kalenda ya kampuni ya ndege, mwezi wa Mei una picha ya mji wa kale wa Hispania: ngome juu ya kilima, na chini yake bibi harusi wa Kizungu na bwana wake, wawili peke yao, hakuna shangazi, hakuna ngoma, hakuna hata mtu wa kuwashikia mwavuli. Hilal aliutoa ukurasa ule akaukunja akautia mfukoni.

"Maskati kuna ngome mbili, mama," aliniambia. "Walijenga Wareno, jirani zao hawa. Utatupiga hivi hivi."

"Na kadhi pia umemkata kwenye kalenda?"

Kadhi alikuwa na jibu lake. Mnakumbuka kule kwetu watu walivyokuwa wakisema, na wengi walivyofanya: msichana akiwa mbali na walii wake, mwenye haki ya kumuozesha, mwendo wa marhala mbili, yaani kama siku mbili kwa miguu, kadhi wa mahali alipo aweza kumuozesha. Maalim mmoja wa Unguja, ambaye naye yuko hapa Deira anasomesha watoto juu ya duka la betri, aliwapigia hesabu: Dubai na Maskati si marhala mbili, ni zaidi ya kumi. Hilal alinitajia marhala hizo kwa furaha ya mtu aliyegundua njia ya mkato. Sikubisha. Nami nilikuwa mjinga kama wao, ndiyo maana siwezi kuwacheka bila ya kujicheka.

DUBAI HADI SOHAR

Gari lilikuwa Landrova, na dereva Mbulushi aliyeitwa Pirdad, ambaye alilisifu gari lake kama mama anayetafutia mwanawe mchumba. Mbele alikaa Hilal. Nyuma tulikaa mimi, Zuwena, wanawake wawili wa pwani ya Batina ambao hawakusema neno hadi Buraimi, na mbuzi ambaye hakunyamaza.

Milima ile mtu akikwambia ni mizuri, muulize aliiona kutoka wapi. Mimi niliiona kutoka chini ya turubai, kwa kupitia tundu. Ni mawe. Njia ni mto uliokauka, na kila Pirdad alipolikanyaga jiwe kubwa alisema "Bismillahi" baada ya kulikanyaga, si kabla.

Katikati ya wadi, huo mto mkavu, gari likazimika. Pirdad akafungua boneti, akaitazama injini kwa huzuni, akafunga boneti, akakaa kivulini.

"Kaharibika nini?" Hilal akamuuliza kwa Kiarabu.

"Hakuharibika. Kachoka."

Tulikaa saa nne tukilingoja Landrova lipumzike. Wale wanawake wa Batina wakatoa tende na mkate mkavu wakatugawia bila ya kuulizana, na hilo nawasifu. Pirdad naye, kwa kutaka kuonyesha ukarimu, akatoa mkebe wa mananasi, akautoboa kwa bisibisi, akanipa mimi kwanza kama mkubwa. Mimi niliyekulia karibu na mashamba ya mananasi ya Machui, nikala nanasi kwenye mkebe, lina ladha ya bati na sukari, katikati ya mawe. Nikamwambia ahsante. Akaniuliza kama kwetu Zinjibar kuna tunda kama hili. Zuwena akanifinya nisijibu.

Tulilala Sohar nyumbani kwa dada yake Pirdad. Asubuhi Zuwena alinionyesha gauni aliloshonewa na mama yake kwa siri: jeupe, la mikono mirefu, limekunjwa ndani ya shuka. Lilikuwa limeingia vumbi hadi kwenye pindo. Alilikung'uta, akalikunja, akaanza kulia kwa sauti ndogo. Nikamwambia vumbi halionekani kwenye picha. Linaonekana, lakini nilisema hivyo.

SOHAR HADI MATRAH

Barabara ya pwani haipo. Kuna bahari, na kuna mchanga, na dereva anachagua. Pirdad alichagua mchanga wa maji yanapokupwa, kwa sababu ni mgumu, lakini alichelewa kuondoka kwa kuwa shemeji yake alikuwa na hadithi. Hivyo maji yakatukuta kwenye hori, mkono wa bahari, kabla ya Barka. Gari likazama hadi ekseli. Ikabidi tuteremke na kukaa juu ya tuta tukiyangoja maji yaamue.

Hapo ndipo nilipowasikia Hilal na Zuwena wakizungumza kwa mara ya kwanza, yeye kasimama huku, mwenzake kule, na mimi katikati nimekaa juu ya sanduku la kamera.

"Unaogopa?" Hilal akamuuliza.

"Nnaogopa picha isije ikatoka mbaya. Mama atadhani sina furaha."

"Na furaha unayo?"

"Nna mchanga mdomoni, Hilal. Niulize kesho."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Yeye Hilal alitoa ukurasa wa kalenda, akautazama, akaurudisha.

Tulifika Matrah siku ya pili, tumechubuka makalio. Mwaka ule ndio kwanza watu wetu walikuwa wameanza kumiminika. Utawala wa Oman umebadilika, wanaojua kusoma wanatakiwa, na kila aliyekuwa Dubai, Kuwait au Cairo na cheti chake alikuwa anakipangusa. Tulifikia kwa mwanamke mmoja aliyepangisha chumba juu ya duka la mabakuli. Alitutazama tulivyovaa, akatusikia tunavyozungumza, akasema kwa Kiarabu, "Hawa ndio Zinjibari. Nyinyi mna umeme kwenu, mmekuja kufanya nini?" Hata mimi nilikuwa najiuliza.

Lazima niseme lililonikera. Utotoni mwangu, kila kitu kizuri kilikuwa Oman. Tende, Oman. Maji baridi, Oman. Heshima ya wanawake, adabu ya watoto, Oman. Wazee wetu walikaa barazani Unguja, chini ya feni, wanakunywa sharubati, wanaililia Oman. Nimefika. Nimeiona. Maji yanaletwa kwenye viriba juu ya punda, na yule punda ana tabia mbaya.

MASKATI

Kutoka Matrah unapita mlima, unaingia Maskati kwa lango. Ngome zipo mbili kweli, hapo Hilal hakusema uongo. Alitaka tuanze kwa picha, kwa sababu mwanga wa asubuhi ulikuwa kama wa kalenda. Nikamwambia picha ya harusi hupigwa baada ya harusi. Akasema jaribu moja tu, ya ngome peke yake, tuone inavyokaa.

Nilifungua kamera. Ni ile ya marehemu, ya lenzi mbili, unaishika tumboni na kutazama kwa juu. Sikuwahi hata kuinua kichwa, askari alikuwa keshafika. Sikumfahamu kila neno, lakini nilifahamu kwamba ndani ya ngome kuna wafungwa, na kwamba mwanamke anayeinamia sanduku mbele ya gereza hana jambo zuri. Hilal akamtolea ukurasa wa kalenda amweleze. Askari akaitazama ile picha ya bibi harusi wa Kizungu mabega wazi, akamtazama Hilal, akamtazama Zuwena, na uso wake ukazidi kuwa mbaya. Akafungua kamera yangu kwa nyuma, akavuta mkanda wote ukatoka juani. Kalenda akaichukua yeye. Sina shaka anayo hadi leo.

Nilibakiwa na mkanda mmoja. Nilimwambia Hilal kwamba akinitajia Hispania tena nitamwacha hapo hapo mlangoni.

Tukaenda kwa kadhi. Alikuwa amekaa barazani kwake pamoja na watu kama kumi na tano, kila mtu na kesi yake. Hilal akaeleza vizuri, kwa Kiarabu cha kusoma. Kadhi akasikiliza, akamgeukia Zuwena.

"Binti wa nani?"

Zuwena akataja jina la baba, la babu, na la kabila. Kadhi akaweka kalamu chini.

"Na baba yako yuko wapi?"

"Dubai."

"Ni zaidi ya marhala mbili, sheikh," Hilal akaingilia. "Zaidi ya kumi."

"Mwanangu," kadhi akasema, "wewe unapima kutoka kwa baba. Mimi napima kutoka kwa ukoo. Baba akiwa mbali anafuata anayemfuata. Ndugu, ami, ami wa baba, mtoto wa ami. Hao nao wote wako mbali?" Kisha akawageukia waliokaa barazani, akapaza sauti: "Nani hapa wa kabila hii?"

Mikono mitatu ikanyanyuka. Mmoja alikuwa anatugawia kahawa.

Wallahi nilitamani ardhi ipasuke. Mnafahamu tulichokifanya? Msichana amemkimbia baba mmoja, sisi wenye akili tukampeleka kwenye mji ambao kila mwanamume wa tatu anaweza kuwa walii wake. Angekimbilia Bombay angeolewa siku ile ile. Angekimbilia kwa hao Wahispania angepata na ngome. Sisi tukamrudisha kulekule babu yake alikotoka, kwa kuwa katika akili zetu Oman ilikuwa mahali pa kuililia barazani, si mahali penye watu wanaoishi na kukumbuka. Tuliruka majivu, tukakanyaga moto.

Wale watatu wakaanza kushauriana, fulani bin fulani, wakashuka vizazi na kupanda, hadi mgawa kahawa akasema kwa uhakika: aliye karibu zaidi ni Zahor, ndugu wa babu yake kwa baba na mama, yu hai, yuko Qantab.

"Leo Jumatatu," kadhi akasema. "Alkhamisi mje na Zahor, au na neno lake. Mkija mikono mitupu, binti anarudi kwa baba yake na gari la kwanza, na barua nitaandika mimi mwenyewe."

Tulipotoka nje Zuwena hakulia. Aliniuliza, "Mamdogo, ami wa baba huwa vipi?" Nikamwambia huwa kama baba, ila mzee zaidi.

MATRAH HADI QANTAB

Qantab huendi kwa gari, milima imekaa nyuma yake imeiziba. Tulipanda mashua ya mtu aliyekuwa anarudi kwao na gunia la mchele. Bahari ilikuwa tulivu, nami nilitapika bila ya sababu, Zuwena akanifuata. Kijiji chenyewe ni ghuba ndogo, vibanda vya makuti, na dagaa. Dagaa wameanikwa kila mahali, huna pa kuweka mguu.

Mzee Zahor alikuwa amekaa nje ya kibanda chake anachambua dagaa. Mfupi, mkavu, jino moja. Hakuinuka haraka. Nikamwambia Zuwena kwa Kiswahili, bila ya kupunguza sauti, kwa kuwa nani atatufahamu huku:

"Ndo huyu mkubwa wenu? Mzee ana miaka mia, na kanzu yake ina mia mbili. Babako anamkataza mtu kwa nasaba, nasaba yenyewe ndo hii inanuka dagaa."

"Mamdogo, basi," Zuwena akasema.

Akatukaribisha kwenye jamvi. Tende. Kahawa. Kisha khabari. Na kule Oman mtu akikuuliza khabari unamwambia hakuna khabari. Anakuuliza tena, unaapa hakuna. Tumetoka Dubai, tumetoroka, tumezama baharini, tumepambana na askari, kadhi katupa siku tatu, na Hilal anasema kwa adabu, "Hakuna khabari, al-hamdulillahi." Mzee naye, hakuna khabari. Hivyo hivyo mara tatu, huku mimi nakunywa kahawa na kumtajia Zuwena aibu za kile kibanda moja moja.

Hatimaye Hilal akaeleza. Zuwena Kiarabu chake ni cha Msahafu tu, hajui kuagiza hata chumvi, basi ikawa Hilal ndiye anayetafsiri baina ya bibi harusi na walii wake. Yaani mtuhumiwa ndiye mkalimani. Mimi Kiarabu cha sokoni ninacho, nikakaa tayari kumkamata.

Mzee akamuuliza Hilal jina, na la baba, na la babu. Kisha akasema polepole, akimtazama usoni: "Mwambie binti kwamba mimi nilimjua babu yako wewe. Alikuwa mtu mwema, na hakuwa wa daraja yetu. Mwambie baba yake ana haki kukataa."

Nikamtazama Hilal. Alikuwa anatoka jasho hadi kidevuni. Angeweza kusema lolote. Angesema babu anatubariki, na Zuwena asingejua. Mimi ningejua, lakini nawaambia kweli, sijui kama ningefungua mdomo.

"Babu anasema alimjua babu yangu," Hilal akamwambia. "Anasema alikuwa mtu mwema. Anasema hakuwa wa daraja yenu." Akajifuta kidevu. "Anasema babako ana haki kunikataa."

"Hivo ndo alivosema?"

"Hivo hivo."

Zuwena akamgeukia mzee, akamsemesha yeye moja kwa moja kwa Kiswahili, kama kwamba atafahamu kwa kuona macho yake tu. "Babu, mie sikuja kuolewa na babu yake!"

Na yule mzee akaangua kicheko, na Hilal hajafungua hata mdomo.

Mzee akajifuta macho kwa mkono wenye magamba ya dagaa.

"Nnasikia," akasema kwa Kiswahili, Kiswahili cha zamani, cha bibi zetu. "Nimekaa Unguja miaka saba, bibi. Nimerudi kumzika baba. Tangu mlipoteremka chomboni nnasikia." Akanigeukia mimi. "Na kanzu hii haijafika mia mbili."

Enyi mnaonijua, mnajua kwamba mimi sikosi neno. Siku ile nilichukua tende nikaitia mdomoni, na kokwa nikalimeza.

"Kijana," mzee akamwambia Hilal, "ungeweza kuniongopea hapa, na nilikuachia mlango wazi. Hukupita." Kisha akamuuliza Zuwena juu ya ndugu yake, yule babu aliyebaki Unguja akafia huko. Alikufa vipi? Alikuwa akimtaja?

"Alikuwa hali samaki wetu," Zuwena akasema. "Kila siku tukipakua anasema, hawa si samaki, samaki wako Qantab."

"Mwongo," mzee akasema. "Hapa alikuwa hali samaki kabisa. Mama akimpiga." Kisha akaita watu.

Basi harusi ikawa pale pale, kabla ya adhuhuri. Akaja mwalimu wa kijiji, wakaja mashahidi wawili mikono mibichi kutoka baharini. Zuwena alivaa gauni lake ndani ya kibanda, mimi nikimpaka wanja kwa kidole. Mzee akamuuliza mara tatu kama ameridhia, akasema ndiyo mara tatu, ya tatu kwa ukali. Akaushika mkono wa Hilal akamuozesha.

Kisha nikatoa kamera. Nilikuwa nimekwisha kuona picha yangu: wawili wao ufukweni, mlima nyuma, dagaa niwaepuke. Mzee akauliza ni ngapi. Nikasema ninazo kumi na mbili.

"Moja," akasema. "Ya kwanza haja, ya pili anasa. Na mie niwemo."

"Babu, hii ni picha ya maharusi."

"Mie niwemo katikati."

Nilibembeleza. Nilieleza mwanga. Nilimwambia mama yake binti anataka kumwona binti, si kumwona yeye. Akaja akasimama baina yao, jino moja, kanzu ile ile, dagaa nyuma yake kote, akawakamata vifundo vya mikono, huyu kulia na huyu kushoto, kama askari aliyekamata wezi wawili sokoni. Nilipiga kwa hasira. Moyoni nilisema, Nunuu, nisamehe, nimekuharibia.

Alkhamisi tulimpelekea kadhi neno la mzee, akaandika karatasi bila ya swali. Maharusi niliwaacha Matrah, juu ya duka la mabakuli. Hilal keshaambiwa kuna ofisi inataka mtu wa kupiga taipu. Mzee aliniagiza neno moja, nami nikalichukua.

KURUDI DUBAI

Pirdad, njia ile ile, na mbuzi mwingine. Sina la kuongeza.

Picha niliiosha mwenyewe usiku nilipofika, na asubuhi nikaipeleka kwa Bi Nunuu nikiwa nimetayarisha maneno ya kujitetea. Sikuwahi. Bwana Khalfan alikuwa nyumbani, na koti. Khabari zilikuwa zimenitangulia, sijui kwa gari gani. Bi Nunuu alikuwa kasimama mlangoni, macho yamemvimba. Mume akanyoosha mkono, nikampa picha, ningefanya nini?

"Nunuu, mkasi."

Bi Nunuu hakujitikisa. Mume akautoa mwenyewe kwenye kikapu cha cherehani. "Mwanangu ntambakisha," akasema. "Mwizi ntamtoa." Akaishika picha kwa upande wa Hilal, akautia mkasi juu, akakata kidogo, ukingo mweupe tu. Kisha akasita.

"Huyu mzee nani?"

"Ami yako Zahor. Ndiye aliyemuozesha."

"Ami Zahor kafa zamani."

"Kafa nani? Kanisuta juzi."

Akaileta picha karibu na macho. Karatasi ilikuwa bado mdomoni mwa mkasi. Na mimi hapo ndipo nilipoona, mpiga picha mzima, alichokiona yule mchambua dagaa kabla ya mimi kupima mwanga. Hilal hakatiki. Ukimtoa Hilal, unaondoka na mkono wa mzee, umekatwa hapo kwenye kifundo.

"Kakuagiza nini?" akauliza, sauti imepungua.

"Kasema, kama Khalfan ana neno, aje anambie mie."

Bwana Khalfan alisimama hapo na ule mkasi. Hakuwahi kumwona ami yake maishani. Amezaliwa mzee keshaondoka. Lakini mkono wa mkubwa wa ukoo, ukiwa hata wa karatasi, utaukata vipi? Nilimwona anatafuta njia, ukingo huu, ukingo ule. Mwisho akauweka mkasi mezani, akafunga vifungo vya koti, akatoka kwenda kazini bila ya kumuaga mtu.

Bi Nunuu aliichukua picha akaipeleka dirishani. Sikusema kitu juu ya mwanga, wala dagaa, wala vumbi kwenye pindo. Aliweka kidole karibu na uso wa mwanawe bila ya kumgusa, akakaa hivyo hadi nikaona nigeuze macho.

"Kanenepa," akasema.

Kwa siku chache zile! Kwa tende na nanasi la mkebe, na bahari niliyoiona mwenyewe ikimtapisha! Nikamwambia ndiyo, kanenepa.